Mapokezi

Saa kumi na moja alfajiri Zenon ananipigia kutoka machinjioni Morąg:
"Leo wapo wawili wenye mimba. Lete barafu."
Hasemi zaidi. Mtu wa kisu naye ana haya zake.

Naendesha kwenye theluji, ndoo iko kiti cha abiria,
nimeifunga mkanda kama mtoto.

Miezi mitatu, wiki tatu, siku tatu:
mimba ya nguruwe naijua tangu nikiwa mdogo,
bibi aliihesabu kwa chaki mlangoni mwa banda,
akifuta mstari mmoja kila kukicha.
Hawa hawakuifikia chaki ya mwisho.
Siku sabini, nakadiria,
nikiwapima kwa rula ya chuma, utosi hadi kitako.
Kope zimefumba. Kwato laini, kama ukucha uliolowa.
Kumi na mmoja ndani ya mji wa mimba wenye pembe mbili,
wamepangana kama kunde kwenye ganda.

Kazi yangu ni kufanya vidogo viwe vyembamba.
Figo, pafu, ovari isiyofika dengu,
nazizamisha katika nta, nakata kwa wembe
hadi utepe uelee juu ya maji vuguvugu
na mtu akipiga chafya tuanze upya.
Kingamwili usiku kucha. Asubuhi, rangi.
Penye kipokezi cha estrojeni, kiini cha seli kinageuka kahawia.
Pasipo, buluu.

Kipokezi ni nini? Dokta Radosz hufundisha: kufuli, na homoni ni ufunguo.
Mimi kufuli sizipendi.
Mimi naona kiti
kimefutwa vumbi, kimesogezwa karibu na mlango,
katika nyumba ambayo mwenyewe hajazaliwa.
Mgeni njoo, mwenyeji apone?
Hapa ni zaidi ya kupona:
mgeni njoo, mwenyeji awe.

Na wageni wenyewe ni wa ajabu.
Siku ya kumi na mbili kiinitete bado ni uzi mweupe,
hakina moyo, hakina mdomo,
lakini kinatoa estrojeni yake, tone kwa tone,
kumwambia mama: nipo, usinimwage.
Nilipolisoma hilo mara ya kwanza
nilitoka nje bila koti.

Februari dada yangu Bronka alinitumia picha ya karatasi,
imepigwa upande, kidole chake kimeziba pembe.
Titi la kushoto. Vipokezi vya estrojeni: chanya, asilimia tisini.
"Wewe ndiye unayejua mambo haya," aliandika. "Chanya ni heri?"

Rangi ni ileile. Chupa huenda ni ya kiwanda kilekile.
Mahali fulani mwanamke kama mimi, mwenye glavu kama zangu,
alimwangalia dada yangu akiwa na unene wa mikroni nne
akaona kahawia, kahawia, kahawia,
akaandika, akaenda kunywa chai.

Nilimjibu: uvimbe huo una viti vingi.
Ndiyo maana unakua.
Ndiyo maana pia kuna kidonge, kidogo, cheupe,
ambacho kazi yake ni kufika mapema na kukaa,
mgeni akija akute pamejaa.
"Kila siku?"
Kila siku, miaka mitano. Labda kumi.
"Basi nitakuwa mwenyeji mkorofi," akasema Bronka,
ambaye hajawahi kumruhusu mtu atoke kwake bila supu.

Hospitalini Olsztyn, juu ya kidirisha, herufi za buluu: MAPOKEZI.
Tulikaa chini yake saa mbili na nusu.
Viti vyote vilikuwa na watu.
Bronka alimpisha mama mwenye mimba kubwa,
akasimama, mkoba kifuani upande wa kushoto.

Leo alfajiri simu imelia.
"Hakuna mwenye mimba leo," amesema Zenon.
Nimemwambia ahsante.
Yeye pia akasema ahsante.
Hatujui nani alimshukuru nani.
Nimeimwaga barafu kwenye sinki,
imechukua muda wake kuyeyuka.